Naomba ushauri: onyesho la kantri mbadala nyumbani kwangu St. Louis, nifanye sebuleni au nikodi chumba?

Gitaa Kimya (mleta uzi), Jumatatu, saa 3:10 usiku

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Nimesoma mijadala ya muziki humu kwa miaka mingi, lakini leo ndiyo mara yangu ya kwanza kufungua uzi, na maneno haya nimeyaandika na kuyafuta mara tatu kabla ya kuyatuma.

Ninaishi St. Louis, jimbo la Missouri, na ninaupenda muziki wa kantri mbadala, yaani ule unaochukua fidla, banjo na masimulizi ya kantri ya zamani, ukayatia ukali wa roki, ukakataa ung'arishaji wa nyimbo zinazorudiwa redioni kutwa nzima. Mji huu ni kama nyumbani kwake. Belleville, ng'ambo ya mto upande wa Illinois, ndiko walikotoka bendi ya Uncle Tupelo, na albamu yao ya kwanza ya mwaka 1990, No Depression, ndiyo iliyolipa jina jarida la muziki huu lilipoanzishwa mwaka 1995. Mimi mwenyewe nilinaswa usiku mmoja wa baridi mwaka 2009, nikiwa nimesimama karibu na nguzo ndani ya ukumbi wa Mississippi Nights, nimevaa koti la kuazima, nikamsikia mtu akipiga lile gitaa la kulaza lenye pedali, ambalo sauti yake haikatiki kati ya noti na noti, huteleza tu kama maji juu ya jani la mgomba.

Sasa nimekubaliana na mwanamuziki mmoja, anayesafiri peke yake na gitaa lake, aje kupiga kwangu mwishoni mwa mwezi ujao. Nikiondoa makochi, sebule yangu huchukua viti 35. Lipo pia chaguo la kukodi chumba cha nyuma cha mgahawa ulio jirani. Naomba mniambie lipi ni bora, na ni albamu zipi nipige wageni wanapoingia, kwa kuwa wengi wao ni Wakenya na Watanzania wenzetu ambao kantri wanayoijua ni ya Jim Reeves na Kenny Rogers. Nisaidieni mapema, maana usingizi umeanza kunipaa.

Mzee wa Kaseti, Jumatatu, saa 3:42 usiku

Umenigusa mahali penyewe, kijana wangu. Marehemu baba yangu alikuwa na redio ya betri sita, na Jumapili mchana hakuna aliyeruhusiwa kupita mbele yake wakati Jim Reeves anaimba. Reeves alifariki kwa ajali ya ndege mwaka 1964, lakini kijijini kwetu alizidi kuishi miaka mingi baadaye, kiasi kwamba mama mmoja jirani aliwahi kuuliza kwa nini mtu huyu mwenye sauti nzuri hivi haalikwi kuimba kwenye harusi ya mwanawe. Kaseti zake bado ninazo, ingawa mkanda wa mojawapo umeunganishwa kwa gundi ya kucha.

Kuhusu sebule au chumba sina la kusema. Wewe wapigie Jim Reeves, nao watatulia.

Dada wa Minneapolis, Jumatatu, saa 4:05 usiku

Mimi nimehudhuria maonyesho ya sebuleni zaidi ya kumi huku Minnesota, na nimeandaa mawili, kwa hiyo nitajibu swali lenyewe.

Fanya sebuleni. Mtu mmoja na gitaa hahitaji vipaza sauti katika chumba cha watu 35. Zulia na miili ya watu hunywa mwangwi, na kila anayekaa husikia hata kucha zikigusa nyuzi. Desturi ya maonyesho haya ni vipande viwili vya dakika 45 hivi, na mapumziko katikati ili watu wale, wazungumze na mwanamuziki, na wanunue albamu zake mezani. Mwenye nyumba humlisha na kumpa kitanda. Mlangoni huwekwa kikapu, na fedha zote za kikapu huwa za mwanamuziki. Usitangaze kwa umma wala usiuze tiketi. Alika watu unaowajua, ili jambo libaki kuwa mwaliko wa nyumbani na lisigeuke biashara ndani ya nyumba ya kupanga. Waarifu majirani wiki moja kabla, uwaambie saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na umalize kabla ya saa nne usiku. Jirani aliyearifiwa mapema huwa mgeni, lakini aliyeshtukizwa hupiga simu polisi. Jikoni zima kila kinachonguruma, hasa jokofu likiwa karibu na sebule, na usisahau kuliwasha tena kama mimi nilivyosahau mara ya kwanza, nikapoteza nyama ya wiki nzima.

Kwa wageni wanaoingia, usianze na gitaa la umeme. Anza na Gillian Welch, albamu yake ya mwaka 2001, Time (The Revelator), ambayo karibu yote ni sauti mbili na magitaa mawili, yeye na David Rawlings. Fuatisha albamu ya tatu ya hao hao Uncle Tupelo wako, iliyorekodiwa kwa siku tano mwezi Machi 1992 na kupewa tarehe hizo kuwa jina lake, kwa sababu humo wameweka umeme kando na kurudia nyimbo za wachimba makaa na za kanisani. Mtu aliyekulia kwenye Jim Reeves hatapotea humo. Baadaye kidogo, watu wakishaketi, weka Lucinda Williams wa mwaka 1998. Sisi wa huku tungependa uwaweke na The Jayhawks, lakini huo ni upendeleo wa mji wangu.

Naomba kuuliza: mmekubalianaje kuhusu malipo?

Mwalimu Mstaafu, Jumatatu, saa 4:31 usiku

Mimi nitauliza ambalo wengine hawaliulizi. Mtu mzima anayeishi ugenini, mwenye kodi ya nyumba na wazazi nyumbani wanaotazamia msaada, anaalika mwanamuziki wa kulipwa aje kumwimbia sebuleni? Tuliwapeleka watoto wetu ng'ambo wakatafute elimu na maisha. Sisemi muziki ni dhambi, kwani hata mimi niliimba kwaya kwa miaka 22, lakini kila jambo lina kipimo chake.

Binti Kericho, Jumatatu, saa 4:50 usiku

Mwalimu, kwa heshima, muziki huu si mgeni kwetu kama unavyodhani. Kwetu Kericho wazee walimsikia mwimbaji wa kantri Jimmie Rodgers kwenye santuri, yule aliyerekodi kwa mara ya kwanza pale Bristol, Tennessee, mwaka 1927, na jina lake likageuka vinywani mwa Wakipsigis kuwa Chemirocha. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipopita na mashine yake ya kurekodi mwaka 1950, wasichana walimwimbia wimbo wa Chemirocha kwa kinubi cha kwetu, wakimtaja kama kiumbe ambaye nusu yake ni mtu na nusu ni mnyama. Rekodi hiyo ipo hadi leo. Nikiisikiliza hunijia picha ya bibi yangu akicheka nyuma ya ukuta wa jikoni, ingawa yeye hakuwemo miongoni mwa waimbaji.

Kwa hiyo, Gitaa Kimya, wageni wako wakiuliza Mwafrika anatafuta nini kwenye kantri, waanzie hapo.

Mtembezi wa Texas, Jumanne, saa 1:15 asubuhi

Sebule ni nzuri, lakini nawahurumia wote ambao hawajakanyaga Gruene Hall, huku Texas. Ukumbi ule ulijengwa mwaka 1878, ni wa mbao tupu, hauna kiyoyozi, na wakati wa joto madirisha huinuliwa ili upepo upite katikati ya wachezaji. Nilimpeleka mke wangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Alilalamika jasho kwa saa nzima, kisha ikapigwa waltzi moja ya taratibu, akanishika mkono, na tangu siku hiyo yeye ndiye anayeulizia tarehe za maonyesho. Austin nako tuna Continental Club tangu mwaka 1955 na Broken Spoke tangu mwaka 1964. Mleta uzi, funga safari uje huku, utasahau mambo ya viti.

Hesabu Kwanza, Jumanne, saa 2:40 asubuhi

Dada wa Minneapolis aliuliza swali la maana na halijajibiwa. Malipo yamekaaje?

Gitaa Kimya, Jumanne, saa 1:20 usiku

Nawashukuru wote, hasa Dada wa Minneapolis, ambaye maelezo yake nimeyanakili kwenye daftari. Mzee wa Kaseti, Jim Reeves atakuwepo. Binti Kericho, habari ya Chemirocha nitaisimulia usiku huo.

Malipo tumeelewana vizuri. Mwanamuziki amehakikishiwa dola 1,500, nami nimeshamtumia arubuni ya dola 600. Zilikuwa fedha nilizokuwa nimehifadhi. Naomba turudi kwenye suala la sebule na chumba.

Hesabu Kwanza, Jumanne, saa 1:55 usiku

Ndugu, hatuwezi kurudi kwenye sebule kabla hatujapita kwenye fedha. Kwa desturi aliyoieleza dada, mwenyeji haahidi kiwango. Kikapu ndicho huamua. Wewe umeahidi dola 1,500. Viti 35 kwa dola 20 kila kimoja ni dola 700, tena kila kiti kiwe kimekaliwa na kila aliyekaa awe ametoa. Pengo ni dola 800. Hapo sijahesabu chakula, wala kodi ya chumba cha mgahawa ukikichagua.

Neno ulilotumia nalo limenisimamisha. Hukusema akiba yako. Umesema fedha ulizokuwa umehifadhi. Umehifadhi kwa niaba ya nani?

Mzee wa Kaseti, Jumanne, saa 2:10 usiku

Swali limemfika. Mpeni nafasi ajibu.

Gitaa Kimya, Jumanne, saa 5:48 usiku

Sikutaka uzi huu uende huku, lakini nikinyamaza nitaonekana mwizi.

Kaka yangu mkubwa alifariki mwezi Februari mwaka huu, hapa hapa St. Louis. Jumuiya yetu ilichanga kwa moyo mmoja ili kumsafirisha nyumbani Nakuru. Baada ya gharama zote, zilibaki dola 2,180, na kamati ya msiba ilinikabidhi mimi nizifikishe kwa shemeji kwa ajili ya ada ya watoto wao wawili. Arubuni imetoka humo.

Kabla hamjanihukumu, sikilizeni. Ada ya muhula huu imeshalipwa na mjomba. Fedha zilikuwa zimelala tu benki. Mwanamuziki huyu ndiye kaka aliyekuwa akimsikiliza wiki zake za mwisho, kwenye simu yangu, nikiwa nimeilaza juu ya mto karibu na sikio lake kwa sababu mikono yake haikuwa na nguvu ya kuishika. Nilipoona kwamba mtu huyo atapita mji wetu na ana usiku mmoja usio na onyesho, niliona kama nimeitwa. Fedha zile zilichangwa kwa ajili ya kaka, nami nazitumia kwa ajili ya kaka. Kikapu kitarudisha sehemu, na sehemu iliyobaki nitailipa kutoka kwenye mshahara kabla ya muhula mpya. Hakuna mtoto atakayekosa shule.

Mwalimu Mstaafu, Jumatano, saa 12:30 asubuhi

Pole sana kwa msiba, mwanangu. Maneno yangu ya juzi kuhusu wazazi nyumbani niliyaandika bila kujua, na yanichoma sasa.

Hata hivyo nitasema. Fedha za yatima hazilali. Hata zikiwa benki bila kuguswa, zinafanya kazi moja kubwa: mama yao anajua zipo. Siku utakayomwambia kwamba zimepungua, hatakumbuka wimbo. Atakumbuka kwamba hakuulizwa.

Mtembezi wa Texas, Jumatano, saa 1:50 asubuhi

Pole, ndugu yangu. Mimi nitatofautiana na Mwalimu. Sisi wenyewe hula na kunywa kwenye arobaini kwa fedha za michango, na hakuna anayeita wizi. Kumkumbuka marehemu kwa muziki alioupenda kuna ubaya gani? Baba yangu alizikwa kwa brasi bendi iliyolipwa kutoka kwenye michango hiyo hiyo, na mama alifurahi mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha mpiga tarumbeta.

Dada wa Minneapolis, Jumatano, saa 2:25 asubuhi

Mama yako alikuwepo, Mtembezi, na alijua. Tofauti ni hiyo tu.

Gitaa Kimya, pole kwa moyo wangu wote. Nakuomba utazame jambo moja zaidi. Unasema kikapu kitarudisha sehemu ya fedha. Wageni watakaotia dola 20 kwenye kikapu kile wanaamini wanamlipa mtu aliyewaimbia. Usipowaambia, utakuwa umewadanganya. Ukiwaambia, itabidi usimame mbele ya jumuiya ile ile iliyochanga mwezi Februari na useme michango yao ilikwenda wapi. Shemeji anajua?

Gitaa Kimya, Jumatano, saa 7:05 mchana

Hajui bado. Nilitaka nimtumie picha na rekodi ya usiku ule, aone jinsi mumewe alivyoheshimiwa, kisha nimweleze. Nilidhani zingefika pamoja, furaha na maelezo.

Arubuni imeshakwenda na tarehe imeshapangwa. Kughairi sasa ni kumvunjia mwanamuziki ratiba yake ya safari.

Mkazi wa Landing, Jumatano, saa 2:30 usiku

Nimefuatilia uzi huu tangu Jumatatu bila kuandika, nikitarajia mwingine ataliona hili. Hakuna aliyeliona, basi nitalisema.

Nimeishi St. Louis tangu mwaka 1998. Mississippi Nights ilikuwa Laclede's Landing, karibu na mto, na nilikwenda pale zaidi ya nilivyokwenda kanisani. Ndipo Uncle Tupelo walipopiga onyesho lao la mwisho tarehe 1 Mei 1994, kabla mwimbaji wao Jay Farrar hajaunda bendi ya Son Volt na mwenzake Jeff Tweedy hajaunda Wilco. Ukumbi ule ulifungwa Januari 2007, ukabomolewa kupisha ujenzi wa kasino. Mleta uzi anasema alisimama humo karibu na nguzo mwaka 2009. Mwaka 2009 pale hapakuwa na nguzo, hapakuwa na ukumbi, hapakuwa na mlango wa kuingilia.

Mtu anayekosea jambo analoliita mwanzo wa mapenzi yake ya muziki, ananipa shaka juu ya mengine yote: kaka, shemeji, simu juu ya mto.

Mlinzi wa Pochi, Jumatano, saa 2:44 usiku

Nilikuwa nasubiri. Hadithi za namna hii huanza na swali dogo lisilo na madhara, ukifuata msiba, wakifuata watoto na ada, na mwisho hutajwa namba ya kutuma mchango. Tumeshalizwa humu mara mbili kwa mtindo huu. Ninaomba msimamizi aufunge uzi mapema.

Binti Kericho, Jumatano, saa 3:02 usiku

Lakini hajaomba hata senti, Mlinzi. Siku tatu sasa tunamvuta fedha mdomoni, naye anazikwepa. Tapeli angezitaja mwenyewe mapema.

Mlinzi wa Pochi, Jumatano, saa 3:09 usiku

Tapeli mwenye subira ndiye hatari zaidi, dada yangu.

Mzee wa Kaseti, Jumatano, saa 3:20 usiku

Mimi mwaka niliomwoa mke wangu naukosea, na yeye hunisahihisha mbele ya wageni. Kukosea mwaka hakutoshi kumwita mtu mwongo.

Mkazi wa Landing, Jumatano, saa 3:33 usiku

Mzee wangu, angekosea mwaka mmoja ningenyamaza. Lakini mtu hawezi kuingia kwenye jengo lililobomolewa. Naomba mleta uzi ajibu mwenyewe.

Msimamizi, Jumatano, saa 4:00 usiku

Uzi utabaki wazi. Yeyote atakayeomba au kutoa namba ya kutumiana fedha humu ataondolewa mara moja. Mleta uzi anayo haki ya kujibu.

Gitaa Kimya, Alhamisi, saa 10:40 alfajiri

Mkazi wa Landing amesema kweli. Sikuwahi kuingia Mississippi Nights.

Aliyeingia ni kaka yangu. Alifika Marekani mwaka 2003, na alikwenda pale majira ya baridi ya mwaka 2006, na mfanyakazi mwenzake wa ghalani aliyemwazima koti. Mimi wakati huo nilikuwa Nakuru. Alinipigia simu kesho yake kwa kadi ya dola tano, akaimaliza yote akinieleza sauti ya lile gitaa, akijaribu kuliiga kwa mdomo, mpaka kadi ikakata katikati ya sentensi. Nilipofika hapa mwaka 2008, mahali pa kwanza alipotaka kunionyesha ni pale. Tulikuta jengo jipya. Alisimama kando ya barabara akaninyooshea kidole mlango ulikuwa wapi, jukwaa wapi, na nguzo yake wapi.

Tangu Februari nimekuwa nikiwasimulia watu hadithi hiyo kana kwamba ni yangu. Mara ya kwanza nilimsimulia mtu kazini, nikasema "mimi" badala ya "kaka", na niliona kwamba kwa dakika mbili nimeweza kuzungumza bila sauti kukatika. Nikaendelea hivyo hivyo, nikaibandika mwaka wangu. Sikuwa na nia ya kumdanganya mtu humu. Kwa kweli nilipoiandika Jumatatu nilikuwa karibu kuiamini.

Mlinzi wa Pochi, sitaomba mchango. Siutaki hata ukitolewa.

Mkazi wa Landing, Alhamisi, saa 1:30 asubuhi

Nguzo ilikuwa upande gani, alikuambia?

Gitaa Kimya, Alhamisi, saa 2:05 asubuhi

Alininyooshea kutoka barabarani, na hakuna kilichokuwa kimebaki cha kupimia. Alisema tu kwamba ukiegemea pale uliwaona wapigaji wote isipokuwa mpiga ngoma, na kwamba alimsikia mpiga ngoma usiku mzima bila kumwona uso.

Mkazi wa Landing, Alhamisi, saa 2:20 asubuhi

Pole, ndugu yangu. Nimekuelewa, na ninafuta shaka yangu mbele ya wote. Inawezekana kabisa kwamba mwaka 2006 nilikuwa usiku mmoja na kaka yako.

Sasa niseme kama mtu wa mji huu. Achana na chumba cha mgahawa. Vyumba vya nyuma vina kelele za sahani, na mwimbaji wa peke yake atashindana na tarumbeta za televisheni ya baa. Ukumbi wa kweli kama Off Broadway ni mzuri mno, lakini ni wa onyesho la umma, na hilo lako ni la familia. Viti nitakuletea mimi 20 vya kukunja, navyo havina gharama. Ila kabla sijavipakia kwenye gari, tekeleza mambo mawili. Mwandikie mwanamuziki ukweli wote, umwombe mgeuze makubaliano yawe ya kikapu kama ilivyo desturi. Wanamuziki hawa wanaishi barabarani, na wamesikia mengi kuliko unavyodhani. Kisha mpigie shemeji, kwa sauti yako, bila picha wala rekodi ya kulainisha.

Hesabu Kwanza, Alhamisi, saa 2:45 asubuhi

Naunga mkono, na naongeza tarakimu. Mwanamuziki akikubali kikapu, deni lako halitakuwa tena 1,500. Litakuwa 600 ulizokwisha kutoa. Hizo zirudishe kutoka mshaharani kwa miezi miwili, 300 kila mwezi, na usiguse kikapu hata kidogo. Risiti ya benki mtumie shemeji, na nakala uitume kwa kamati ya msiba.

Mwalimu Mstaafu, Alhamisi, saa 3:10 asubuhi

Mpigie jioni yao, watoto wakiwa wamelala. Anza na salamu, usianze na fedha.

Gitaa Kimya, Jumamosi, saa 2:15 usiku

Nimefanya yote mawili.

Mwanamuziki alijibu siku ile ile. Arubuni ameshaitumia kupanga vituo vingine vya safari yake na hawezi kuirudisha, lakini dola 900 zilizobaki amezifuta, atapokea kikapu tu, na ameuliza kaka alipenda nyimbo zipi. Nimemwandikia tano. Deni ni dola 600 kama Hesabu Kwanza alivyosema, na 300 za kwanza zimeingia jana.

Shemeji nilimpigia leo, saa tatu usiku kwao. Nilimweleza kila kitu, pamoja na habari ya nguzo. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema kwamba hadithi ya koti la kuazima kaka alimsimulia na yeye, ila kwake alisema koti lilikuwa lake. Hakucheka wala hakulia. Aliniuliza kwa nini sikumpigia kabla ya kutoa fedha, na sikuwa na jibu, nikasema sina. Amesema onyesho nisilighairi wala nisilithibitishe mpaka atakapozungumza na wazazi wetu kesho baada ya ibada. Ameuliza pia kama litakuwa saa ngapi kwa saa za Nakuru.

Dada wa Minneapolis, Jumamosi, saa 2:31 usiku

Ukianza saa moja jioni St. Louis, Nakuru itakuwa saa tisa usiku wa manane, au saa kumi alfajiri mkiwa mmesharudisha saa nyuma. Ukianza saa tisa alasiri, kwao itakuwa saa tano usiku, au saa sita mkiwa mmesharudisha saa nyuma, na watoto wakiruhusiwa kukesha watakuwa macho. Sebule yako ina dirisha la magharibi? Mwanga wa saa hizo utamwangukia mwimbaji usoni, basi mgeuze akae upande wa jikoni.

Mkazi wa Landing, Jumamosi, saa 2:40 usiku

Viti vipo tayari gereji. Nitasubiri neno la kesho.